Josho, Njia na Bwawa: Ni Mali ya Nani Daftarini?

Mkulima wa Subukia au wa Njoro akiulizwa mpaka wa shamba lake, huuonyesha bila kusita: jiwe la mpimaji lile pale, ua wa kayaba huu hapa. Akiulizwa hati, huingia nyumbani akaitoa sandukuni. Lakini akiulizwa josho wanamoogeshwa ng'ombe wake ni la nani, au njia ya kwendea mtoni, au bwawa, au kile kilima cha mawe wanakolisha mbuzi, hujibu kwa maneno mafupi: "Ni letu sote."

Jibu hilo ni jema, nalo latoka katika ujirani mwema. Ila katika ofisi ya ardhi hakuna mtu aitwaye "sisi sote". Daftari la ardhi lataka jina. Mahali pasipoandikwa jina la wenyewe, ama pataandikwa jina la mtu mwingine, ama patabaki katika jina la mwenye zamani hata kama mwenye zamani hayuko tena. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaona katika Bonde la Ufa kwamba mali inayopotea upesi zaidi ni ile ya wote.

Kwa hiyo yafaa kila mwenye hisa, kila karani wa chama na kila mzee wa kamati ajue jinsi mahali pa shirika panavyoandikwa, na hasara inayofuata pasipoandikwa.

MASHAMBA MAKUBWA YALIVYOKATWA

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, nchi hii ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka sehemu za Naivasha na Nakuru, na ardhi wakapewa walowezi wa Kizungu. Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini shamba moja lilikuwa na bwana mmoja. Josho lilikuwa lake, bwawa lake, njia yake, wala hapakuwa na haja ya kuuliza. Jina moja daftarini lilitosha kwa ekari maelfu.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliwagawia wakulima wadogo mashamba ya walowezi. Kisha watu wakaanza kuchanga fedha zao wenyewe katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba. Katika wilaya ya Nakuru majina kama Ngwataniro, Mutukanio na Ndeffo yalijulikana nyumba kwa nyumba. Mtu wa kipato kidogo hakuweza kununua shamba zima, lakini aliweza kununua hisa, akawa na fungu katika shamba ambalo zamani alifanya kazi ya kibarua.

Katika miaka ya 1980 Serikali iliagiza kampuni hizo zigawe mashamba na kuwapa wanachama hati zao. Wapimaji wakaja, kura zikapigwa, kila mtu akapata nambari ya ploti yake. Watu walishangilia, na ilikuwa haki yao kushangilia. Lakini wengi hawakukumbuka kuuliza neno moja. Bwana wa kwanza alikuwa na josho moja na bwawa moja. Sasa wenye ng'ombe ni mamia, na josho ni lile lile. Je, josho lile limeangukia katika ploti ya nani?

RAMANI NA DAFTARI SI KITU KIMOJA

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kwamba mahali pakionekana juu ya ramani, basi pamekwisha kuhifadhiwa. Sivyo hata kidogo. Ramani huonyesha umbo na mipaka. Neno "josho" au "shule" lililoandikwa juu ya ramani laeleza kazi ya mahali pale, wala halimtaji mwenyewe.

Mwenyewe hutajwa katika daftari. Kwa utaratibu uliowekwa na Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012, kila kipande cha ardhi kina ukurasa wake, na ukurasa huo una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza hueleza kipande chenyewe: nambari yake na ukubwa wake. Sehemu ya pili humtaja mwenye kipande. Sehemu ya tatu hutaja mizigo iliyo juu ya kipande: deni la benki, haki ya jirani kupita, tahadhari au kizuizi. Hati tuliyo nayo sandukuni ni shahidi wa ukurasa huo tu. Mapigano yote ya ardhi huishia kwenye ukurasa wenyewe.

Basi mahali pa shirika pakitaka kuwa salama, ni lazima pawe na nambari yake, ukurasa wake, na majina ya wenyewe katika sehemu ya pili. Pasipokuwa na nambari, hapana ukurasa. Na pasipokuwa na ukurasa, mkutano mzima wa wanachama hauna kitu cha kumwonyesha hakimu.

JINA LA KAMPUNI ILIYOKUFA

Tuangalie yale yanayotokea mara kwa mara. Kampuni ilinunua shamba, na shamba likaandikwa kwa jina la kampuni. Yapasa ieleweke vizuri kwamba kwa sheria mwenye shamba hapo alikuwa kampuni. Mwanachama alikuwa na hisa katika kampuni, wala hakuwa na udongo. Ploti zilipokatwa, kampuni ilihamisha kila ploti kwa mwanachama aliyeipata kwa kura. Lakini vipande vilivyobaki, yaani josho, bwawa, uwanja wa soko, na pembe za mawe, havikuhamishwa kwa mtu yeyote. Daftarini vilibaki katika jina la kampuni.

Miaka ikapita. Wakurugenzi wengine walizeeka na wengine walifariki. Afisi ikafungwa. Wanachama husema, "Kampuni imekwisha," lakini daftari halijui habari za kuzeeka wala za kufungwa afisi. Mkurugenzi mmoja aliyebaki, mwenye mhuri mkononi, aweza kutia sahihi na kuuza josho. Mnunuzi huja na hati safi, akaanza kujenga. Wanachama wakikimbilia kwa Chifu, huulizwa karatasi, nao hawana ila kumbukumbu zao. Na kampuni ikifutwa kabisa katika orodha ya makampuni, mali iliyobaki katika jina lake huangukia Serikali, na kuirudisha ni kazi ya mawakili na ya mahakama.

Kuna njia nyingine ya hasara, nayo huanza kwa nia njema. Wanachama husema, "Tusiache bwawa katika jina la kampuni. Tuwaandike wazee watano wa kamati." Wazee hao waliandikwa kama wenye bwawa, wala haikusemwa kwamba ni wadhamini wa wenzao. Ikiwa waliandikwa katika umiliki wa pamoja, mmoja akifa fungu lake huwaendea waliobaki, mpaka yule wa mwisho anabaki mwenye bwawa lote. Ikiwa waliandikwa kama wabia, kila mmoja ana sehemu moja katika tano, na wana wake huirithi. Kwa vyovyote vile, wanachama wengine waliochanga fedha zao hawamo daftarini. Wana wa wazee wale si wezi wakidai urithi wa baba yao. Wanadai kile kilichoandikwa. Mwenye kosa ni ukurasa usioeleza kweli.

NJIA MBILI ZA KUMILIKI KWA SHIRIKA

Kwa kuwa majina haya mawili huwachanganya watu wengi, hata makarani, yafaa tuyapambanue.

Umiliki wa pamoja ni kama chungu kimoja kisicho na mafungu. Wenyewe wote ni kama mtu mmoja. Hapana anayeweza kusema, "Nusu hii ni yangu," na mmoja akifa hana fungu la kuwarithisha wanawe. Waliosalia huchukua lote. Umiliki huu hufaa mume na mke. Kwa sababu ya madhara yake kwa watu wengine, sheria ya mwaka 2012 imeuwekea mpaka: bila ya idhini ya mahakama, umiliki wa namna hii hauwezi tena kuanzishwa ila baina ya mume na mke, na wengine wakijaribu kuuanzisha, sheria huwahesabu kuwa wabia.

Umiliki wa ubia ni wa mafungu. Ardhi haijakatwa, lakini kila mbia ana sehemu yake katika hesabu: nusu, robo, au sehemu moja katika mia mbili. Akifa, sehemu yake huwaendea warithi wake. Tena sheria hiyo hiyo yakataza mbia kumwuzia mgeni fungu lake bila ya kibali cha wabia wenzake kilichoandikwa, ingawa wenzake nao hawaruhusiwi kukataa bila ya sababu ya haki. Na ikiwa karatasi za kuhamisha hazikusema ni umiliki wa namna gani, sheria huchukua kwamba ni ubia wa mafungu sawa.

Neno hili la mwisho ni la kuangaliwa sana. Mama aliyenunua hisa mbili na jirani yake aliyenunua moja, wakiandikwa bila kutaja mafungu, daftari litawahesabu sawasawa. Ikiwa mafungu si sawa, yaandikwe.

HESABU YA SHAMBA MOJA

Tuchukue mfano, ili jambo lionekane kwa tarakimu. Tuseme kuna shamba la ekari 1,000 lililonunuliwa na wanachama 200, kila mmoja hisa moja. Kwa hesabu ya haraka, kila mtu ataambiwa atapata ekari 5, na hesabu hiyo ndiyo inayovuta watu.

Lakini shamba halikaliki bila njia. Tuseme barabara zachukua ekari 40, shule 15, zahanati 5, soko 8, na makaburi 2. Hizo ni ekari 70. Kisha kuna josho la ekari 3, bwawa na kingo zake ekari 20, na kilima cha malisho ekari 57. Hizo ni ekari 80. Jumla yake ni ekari 150. Zilizobaki ni ekari 850, na kila mwanachama atapata ekari 4 na robo.

Hapo manung'uniko huanza. "Tuliahidiwa ekari 5, robo tatu imeliwa na nani?" Kamati ikikosa kujibu kwa karatasi, watu watasema imeliwa na kamati, na wengine watatoa shauri kwamba josho na kilima vikatwe ili kila mtu apate zake. Lakini daftari likitengenezwa vizuri, jibu liko wazi. Kila mwanachama ana ekari 4 na robo peke yake. Tena ana sehemu 1 katika 200 ya ekari 80 za shirika, ambayo thamani yake ni kama sehemu 4 katika 10 za ekari moja. Na zilizobaki amezitoa kwa ajili ya barabara, shule, zahanati, soko na makaburi. Hakuna kilicholiwa.

Mfano huu waonyesha jambo jingine ambalo watu hulichanganya. Ekari 70 za kwanza na ekari 80 za pili si za namna moja. Barabara, shule na zahanati ni za umma. Hata mpita njia asiye na hisa ana haki ya kupita barabarani, na mtoto wa mpangaji ana haki ya kusoma. Vipande hivyo yapasa vitolewe wakati wa kugawa shamba, viwe ardhi ya umma kama Katiba ya mwaka 2010 inavyopambanua baina ya ardhi ya umma, ya jamii, na ya watu binafsi. Lakini josho, bwawa lililochimbwa, na kilima vilinunuliwa kwa fedha za wanachama, navyo ni mali yao ya shirika. Kuviita vya umma ni kuwanyang'anya wanachama. Kuiita shule mali ya wanachama ni kuwanyang'anya watoto.

Wala mali ya umma nayo haifai kuachwa bila hati. Tume ya Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria katika nchi nzima. Mwezi wa Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walitupiwa moshi wa kutoa machozi walipokuwa wakiutetea uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta. Uwanja uliotumiwa na watoto kila siku haukuokolewa na matumizi yake.

WENGINE WALIFANYAJE

Katika Kiambu, Murang'a na Nyeri, mashamba yalipokusanywa na kuandikishwa katika miaka ya 1950, kila mwenye ardhi alikatwa sehemu kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi yake ili ipatikane nafasi ya barabara, shule na mahali pengine pa watu wote. Watu hawakuipenda siku zote, lakini lilitendwa kabla ya mipaka kufungwa, na kila mmoja alichangia kwa kadiri yake. Aliyetaka kupata nafasi ya shule baadaye, mipaka ikiwa imekwisha kufungwa, hakuwa na budi kuinunua.

Upande wa Narok na Kajiado ulifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1968 ya Wawakilishi wa Vikundi iliruhusu kikundi cha wafugaji kuandikishwa kuwa mwenye ardhi, kwa mikono ya wawakilishi waliochaguliwa, wasiopungua watatu wala kuzidi kumi. Lilikuwa jambo la akili, maana daftari lilipata jina na wafugaji hawakuhitaji kukata malisho. Lakini baadaye vikundi vingi viliamua kugawana. Malisho ya kiangazi, mahali pa chumvi na njia za kwendea maji, ambavyo vilikuwa vya wote, vilijikuta ndani ya nyua za watu binafsi, na katika baadhi ya vikundi wanachama walilalamika kwamba wakubwa walijichagulia sehemu zilizo nzuri.

Sheria hiyo iliondolewa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kwa sheria mpya, jamii yenyewe huandikishwa, mkutano wa watu wazima wote huwa na sauti, na ardhi haiwezi kuuzwa ila kwa kukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa katika jamii hiyo. Mtu wa Nakuru aliyenunua hisa katika kampuni hayumo chini ya sheria hiyo, lakini aweza kuazima busara yake: jina la wote liandikwe, na uwezo wa kuuza usiwe mikononi mwa watu wachache.

KWA NINI KUMBUKUMBU HAITOSHI HAPA KWETU

Pengine msomaji atasema, "Zamani wazee wetu hawakuwa na daftari, na hata hivyo mahali pa wote palijulikana." Ni kweli. Katika nchi ya ukoo, mila ilikuwa daftari. Hata sheria ya leo yaiheshimu mila hiyo: mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri lililotoka Meru, ilitamka kwamba amana ya kimila yaweza kumfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa daftarini.

Lakini anayedai amana ya namna hiyo yampasa kuthibitisha kwamba kabla ya kuandikishwa ardhi ile ilikuwa ya jamaa, ya ukoo au ya kikundi chake. Katika mashamba ya Nakuru yaliyonunuliwa kwa mlowezi, jambo hilo ni gumu mno. Hapa watu walitoka Nyeri, Kiambu, Kericho, Kisii na Baringo, wakakutana katika orodha ya hisa. Hawana babu mmoja wala mila moja. Kinachowaunganisha ni stakabadhi.

Tena wale waliojua mambo ya mwanzo hawapo wote. Ghasia za miaka ya 1992, 1998 na 2007 hadi 2008 ziliwatawanya watu wengi wa Molo, Njoro na Nakuru. Nyumba zilichomwa, na pamoja na nyumba, masanduku ya karatasi. Mzee aliyejua kwamba njia ya mtoni ilipita kwa fulani huenda leo anaishi wilaya nyingine, au amefariki. Kwa hiyo kwetu sisi daftari limeshika mahali pa ukoo. Tusipoandika humo, hapana pengine palipoandikwa.

HATA GHOROFANI

Wenye kuishi mjini wasidhani kwamba habari hii ni ya wenye ng'ombe tu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na nyumba za ghorofa zinaongezeka. Anayenunua nyumba ya orofa ya tatu hununua vyumba, lakini ngazi ni ya nani? Paa ni la nani? Tangi la maji, lango na uwanja wa magari?

Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 imejibu vizuri. Kila nyumba huwa na hati yake, na mahali pa shirika humilikiwa na wenye nyumba wote kwa ubia, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu aliyohesabiwa. Fungu hilo limefungamana na nyumba yenyewe: aiuzaye nyumba huuza na fungu lake la ngazi, wala hawezi kuuza fungu la ngazi peke yake. Chama cha wenye nyumba ndicho hutunza mahali hapo.

Mkulima na atazame hapo. Fungu la mahali pa shirika likifungamanishwa na ploti, atakayenunua ploti atapata na haki ya josho, na anayehama hataondoka na fungu la bwawa mfukoni kama deni lisilolipika.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa wale ambao shamba lao halijagawanywa, wakati ulio bora ni kabla ya mpimaji kuweka jiwe la kwanza. Kwanza, mkutano mkuu uamue ni mahali gani pa umma na ni mahali gani pa shirika, na maamuzi yaandikwe katika kumbukumbu na kutiwa sahihi. Pili, kila mahali papimwe na kupewa nambari yake. Tatu, mkutano uchague jina litakaloandikwa. Wabia wakiwa wachache, majina yote na mafungu yao yaandikwe. Wakiwa mamia, itakuwa taabu kupata sahihi zao zote na kufuata urithi wa kila aliyefariki. Hao wafadhali kutumia chama cha ushirika kilichoandikishwa, au wadhamini walioandikishwa kisheria kuwa shirika lisilokufa kwa kufa kwa mtu.

Nne, na hili ndilo linalosahauliwa mno, Msajili wa Ardhi aombwe kutia kizuizi katika sehemu ya tatu ya ukurasa, kwamba kipande kile kisiuzwe wala kuwekwa rehani bila ya azimio la mkutano mkuu. Neno "mdhamini" peke yake halitoshi. Mnunuzi aweza kulipita. Kizuizi ndicho kinachomsimamisha karani asipokee karatasi za mauzo.

Tano, njia inayopita ndani ya shamba la mtu mmoja ili wengine wafike mtoni iandikwe kama haki ya kupita juu ya ukurasa wa shamba lile. Mwenye shamba wa leo ni mwema. Atakayenunua kwake hatujamjua. Na ombi la kugawa shamba la kilimo lifikapo mbele ya baraza la kudhibiti ardhi, wanachama wahudhurie na kusikiliza, maana hapo mtu aweza kusema neno kabla halijawa gumu.

Kwa wale ambao shamba lao liligawanywa zamani, kazi ya kwanza ni upekuzi. Mtu yeyote aweza kuomba katika ofisi ya ardhi, kama ile ya Nakuru au ya Naivasha, na kwa kulipa ada akaelezwa ukurasa wa kipande fulani unasema nini. Wengine wamekuta kwamba bwawa lao bado li katika jina la kampuni. Ikiwa ndivyo, wasingoje. Watie tahadhari daftarini mara moja, kisha wawatafute wakurugenzi wangali hai na kampuni ingali katika orodha ya Msajili wa Makampuni, ili bwawa lihamishwe kwa jina la chama au la wadhamini. Na kama pamekwisha kuuzwa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Nakuru. Huko cheti cha hisa, stakabadhi za michango na kumbukumbu za mikutano ndizo zitakazosema. Asiye nazo atatamani angalizitunza.

Kazi hii ina gharama. Mpimaji hulipwa, wakili hulipwa, na ofisi ina ada yake. Lakini gharama ikigawanywa kwa wanachama mia mbili, fungu la kila mmoja ni dogo, na hasara ya kukosa njia ya maji haigawanyiki. Kila ng'ombe atalala na kiu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chama ambacho kitafanya mkutano wake mkuu mwaka huu na kitie neno moja zaidi katika ajenda: nambari za vipande vya shirika, zikisomwa moja moja mbele ya wanachama, na jina lililo daftarini kwa kila kimoja. Kipande kitakachokosa nambari, au kitakachosomwa kwa jina lisilo la chama, mkutano usifungwe kabla ya kuwachagua watu watatu wa kwenda ofisi ya ardhi na kupewa nauli.